Maalim Aliyetunzwa Maboga

Mimi ni mtu wa kupatana bei. Sijanunua kitu kwa bei niliyotajiwa tangu nianze kushika pesa yangu mwenyewe, na nikirudishiwa chenji naihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa kweli. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba mtu ninayemweleza hapa alinishinda. Misimu yote tuliyokaa jirani katika soko la wakulima, linalofunguliwa Jumamosi asubuhi hapa Maskati joto likishavunjika, sikuijua bei ya Maalim. Hakuwa nayo.

Sisi wenye asili ya Unguja humwita Maalim kwa sababu alisomesha hesabu skuli za serikali mpaka akastaafu. Wakulima Waarabu humwita Ustadh. Jina lake analo, na msikiti wa mtaani kwake, Mabela, unalijua, lakini sokoni halikutumika hata siku moja, na mimi si wa kuanza.

Huja kabla makreti hayajashushwa. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kofia ya kushonwa kwa mkono, kiti cha kukunja kwapani, na sanduku jeusi la akodiani ambalo bega lake limelizoea hata likainama upande mmoja, kama mtu anayemsikiliza mtoto mfupi. Vijana wakiiona akodiani hudhani ni chombo cha filamu za Kizungu. Wazee wetu waliipakata kwenye taarabu pamoja na fidla na udi, na mama zangu wadogo waliichezea mpaka miguu ikavimba. Maalim hukaa, hutoa kitambaa chenye majimaji, hufuta meno ya kinanda moja moja, kisha kwa kitambaa kilekile hufuta miwani. Nimemwambia mara nyingi aanze na miwani. Hasikii. Miwani haijawahi kuwa safi, na nadhani ndiyo maana yeye humwona mzuri kila anayemsogelea.

Ile mikunjo ya akodiani inayovutwa na kusukumwa ili upepo uingie na kutoka, yeye huiita mapafu.

"Chombo hiki kinapumua, Bi Achari," aliniambia siku ya mwanzo. "Ukikivuta kwa pupa, kinakohoa."

Bi Achari ndiye mimi. Nauza achari ya ndimu, achari ya embe na chatne ya ukwaju, na sokoni jina langu nalo lilishapotea.

Jino moja la akodiani ile lilikufa zamani. Fundi wa kulitengeneza hapatikani, na akipatikana hutaja bei ya kununua akodiani nyingine. Basi wimbo ukifika kwenye sauti hiyo, Maalim huitoa mwenyewe puani, mm, kisha vidole vinaendelea na safari. Wageni hudhani ni mtindo. Nilimsikia kijana mmoja akimweleza mchumba wake kwamba hayo ndiyo madoido ya Kiunguja asilia. Sikumsahihisha. Alikuwa bado hajanunua achari.

Mtu angetarajia mwalimu wa hesabu awe mwenzangu katika kuhesabu. Wapi! Maalim hahesabu kitu. Ukimpa mapera kwenye mfuko huuchukua kama ulivyo, hautazami ndani, wala haupimi kwa mkono. Nilimuuliza siku moja, "Maalim, wewe umewafundisha nusu ya watu wa Maskati kujumlisha, mbona mwenyewe hujumlishi?"

"Nshajumlisha ya kutosha," akasema. "Sasa nnapumzika nikiwa na jawabu."

Hesabu zake amewabakishia wanafunzi wake. Hao sasa ni watu wazima wenye vyeo, huja sokoni na wake zao na vigari vya watoto, wamevaa viatu vya mazoezi ambavyo havijafanya mazoezi. Wakimwona, migongo inanyooka yenyewe. Naye hasalimii kama watu. Bila ya kuacha kupiga, huinua kidevu na kuuliza.

"Saba mara nane, Saidi?"

Saidi yule, mtu ambaye kazini kwake hata chai hugonga mlango kabla ya kuingia, alisimama na boga mkononi.

"Hamsini na... na nne, Maalim."

"Nunua boga jengine urudi."

Mkewe alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya kreti langu la ndimu. Saidi alinunua boga jengine kweli. Hakurudi kwa kupita mbele. Alizunguka nyuma ya mahema.

Msimu huu wa kufunguliwa soko Maalim huuita vuli. Mimi nilimpinga. Nilimwambia vuli ni mvua, na hapa mara ya mwisho kunyesha watu walitoka nje kupiga picha. Akanitazama nyuma ya ule ukungu wake wa miwani.

"Vuli iko mdomoni, Bi Achari. Subiri waje wenye vitu vyao."

Na kweli, wakija wenye vitu vyao, hata mimi hulegea. Makomamanga ya mlimani, Jabali Akhdhar, ngozi ngumu yenye makovu kama magoti ya watoto, ndani mekundu hata unaona haya kuyatazama. Viazi vitamu vya Batina vyenye udongo bado mbichi. Mapera yanayonukia tangu pale pa kuegeshea magari. Ndimu mpya, figili, maboga yaliyokaa kama watu wanene kwenye harusi. Maalim akimaliza kupiga, na wakulima wakianza kufunga, ndipo karamu huanza. Viazi huvifukia kwenye makaa ya muuza kahawa, ambaye hulalamika kila Jumamosi na kila Jumamosi humwekea nafasi. Mapera huyala na chumvi na pilipili kutoka kwenye chupa yangu ya kuonjesha, na chupa hiyo hurudi nyepesi.

Komamanga lina fiqhi yake, sheria zake za kuliwa. Hukata kwanza kile kitaji cha juu, hutia alama za kisu mahali ngozi ilipojikunja yenyewe, hulipasua kwa vidole, kisha huligonga mgongoni kwa mwiko mpaka punje zinaanguka kwenye bakuli bila hata moja kupasuka. Halafu hulizungusha bakuli kwa kila aliyebaki: wakulima, wafagiaji, wasichana wa Tanzania wanaofanya kazi majumbani na wanaopita siku yao ya mapumziko kununua mchicha. Yeye hula mwisho. Nimeona watu wakarimu, lakini wengi wao hukutazama unapokula ili wahesabu shukrani. Maalim hutazama bakuli.

Pesa hataki. Msimu wa kwanza mtalii mmoja alimtupia noti kwenye sanduku lake lililokuwa wazi. Maalim alivua akodiani, akaiweka kwenye kiti, akamfuata yule bwana mpaka kwenye gari, akamrudishia noti yake mkononi na kumtakia safari njema. Nilimgombeza aliporudi. Nilimwambia noti ile ilikuwa kubwa, na kama yeye haitaki mimi sina ubaya nayo.

"Akilipa," akasema, "atataka nimalize wimbo. Mie nataka kuuacha nikichoka."

Wakulima walipoona pesa hapokei, walileta walicholima. Kila mmoja akija na chake, huweka miguuni pa Maalim na kurudi kwenye meza yake. Aliyeanza ni mzee Khalfan wa makomamanga, mtu wa mlimani, mchache wa maneno, ambaye hateremshi bei hata ukilia. Najua, nimelia. Lakini kwa Maalim huja na komamanga lake bora kuliko yote, huliweka, hugusa kifua, huondoka. Ulikuwa utaratibu wao, na haukumdhuru mtu mpaka siku ya wake wenza.

Hapa lazima nieleze kwa nini Maalim haimbi. Taarabu si muziki wa kusikilizwa umejikunyata. Mtu akisikia ubeti unaomgusa huinuka, hujikokota kwa madaha mpaka mbele, hutunza. Yaani humpa mwimbaji pesa mbele ya macho ya watu wote. Na ule ubeti ulioinukia ndio ujumbe wako, na aliyekusudiwa anajijua. Watu wameachana kwa noti iliyotolewa ubeti wa pili badala ya wa tatu. Maalim aliyajua haya yote, na ndiyo maana aliyaondoa maneno. Nyimbo za harusi, za mapenzi, za kusutana, zote huzipiga tupu. "Bila ya maneno," alisema, "kila mtu atanunua mboga zake aende kwao." Alisahau kwamba maneno tunayo sisi, vichwani.

Jumamosi ile alikuwapo Bi Rahma, mke mkubwa wa bwana mmoja wa Mawaleh, na upande wa pili wa soko, akichagua ndimu, alikuwapo Bi Fatma, mke mdogo wa bwana huyohuyo. Hawakuwa wamekuja pamoja, hilo huhitaji kuambiwa. Maalim, macho kafumba, akaingia kwenye wimbo wa zamani, na wimbo huo una ubeti unaomsema mtu aliyeingia nyumba ya watu akajifanya ndiye aliyeijenga. Kila mwanamke wa Kiunguja pale sokoni aliusikia ubeti ule waziwazi, ingawa hakuna aliyeutamka.

Bi Rahma akalitwaa boga. Akalilipia bila ya kupatana, nikajua kuna jambo. Akaliweka begani, akaja kwa mwendo wa taratibu, akazunguka njia ndefu ili apite mbele ya meza ya ndimu, kisha akaliweka boga miguuni pa Maalim kama anayeweka jiwe la msingi.

"Khaa!" akasema Bi Fatma. "Hilo boga mie?"

"Nani kakutaja, bibi? Nnamtunza Maalim."

"Ubeti huo?"

"Mie ubeti nnaujua wapi? Mzee kapiga, roho yangu imependa."

Bi Fatma akanunua mawili. Akangoja. Na Maalim, kwa kusikia vigelegele, akadhani watu wameupenda ubeti, akaurudia. Nilimwita, "Maalim, badilisha!" Akatabasamu na kuupiga kwa nguvu zaidi. Basi yakaenda maboga, yakafuata makomamanga, mafungu ya figili, viazi kwa kreti. Marafiki wa kila upande wakaingia na vyao. Wakulima, ambao hawakuelewa hata neno moja la ugomvi, waliuza mpaka wakabaki na majani. Mmoja alinishika mkono akaniuliza kwa heshima kama mabibi hawa huja kila wiki.

Maalim alipofumbua macho alikuwa amezungukwa mpaka magotini. "Mashallah," akasema. "Leo kuna harusi ya nani?"

Tulicheka mpaka machozi. Hatukujua kuwa mtu kapiga video. Na aliyepiga, kwa adabu, hakuwaonyesha akina mama. Alimwonyesha Maalim peke yake, mzee wa kanzu nyeupe, macho kafumba, na rundo la vyakula likikua mbele yake. Ukiitazama bila ya kujua, unaona mzee anayehurumiwa na soko zima. Kipande kile kilitembea kwenye simu za jamaa zetu kutoka Mabela mpaka Yiti, na kikamfikia ambaye hakutakiwa akione.

Jumamosi iliyofuata alikuja mwanamke wa makamo, abaya ya kazini, miwani myeusi, akasimama mbele ya meza yangu. Maalim alikuwa upande wa pili akipokea kahawa, hakumwona.

"Wewe ndo Bi Achari?"

"Ndo mie. Karibu, onja."

"Sikuja kuonja. Mie Zuwena, mtoto wa Maalim. Babangu anaomba sokoni na wewe upo unatazama?"

"Nani anaomba, mwanangu?"

Akanionyesha simu. Nikamwambia hayo ni maboga tu, na ugomvi ni wa watu wengine. Nikamweleza kisa cha wake wenza mwanzo mpaka mwisho. Hakucheka hata mahali ambapo mawe yangecheka.

"Bi Achari, nisikilize," akasema, na sauti ikashuka. "Nlipokuwa msichana posa yangu ya mwanzo ilirudi. Unajua walisema nini? Baba wa bibi arusi mpiga kinanda. Mwalimu, ndiyo, lakini usiku wa harusi za watu yuko jukwaani anapiga. Babangu alilisikia. Akaifungia akodiani kabatini, hakuigusa mpaka mamangu alipofariki. Mie nlimwambia aitoe, nikidhani ataipiga nyumbani, ajiliwaze. Sasa watu wa ofisini kwangu wananionyesha babangu kakaa chini ya rundo la sadaka. Nataka asije tena."

Mimi nikisikia bei ya mwanzo, ulimi wangu hauna hiari. Nikasema aje kila Jumamosi kama kawaida. Akasema asije. Nikasema basi apige asubuhi tu. Akasema apige nyumbani. Tulivutana pale mpaka ndimu zangu zikapata jua. Mwisho tukapatana: Maalim aje, apige, lakini asipokee kitu, hata pera. Zuwena akaenda kumwambia babake, nami nikampungia mkono nikijiona hodari. Nilikuwa nimeuza kitu kisichokuwa changu.

Kwa sababu mzee Khalfan alikuja na komamanga lake, na Maalim akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa.

Khalfan hakuondoka. Akaligeuza komamanga mkononi, akalitazama pande zote.

"Lina kosa gani?" akauliza kwa Kiarabu chake cha mlimani.

"Halina kosa, wallahi. Samahani, sheikh."

"Basi kosa liko kwangu."

Maalim angesema nini? Aseme binti yangu kanikataza, amfedheheshe Zuwena mbele ya watu? Akainamia meno ya kinanda. Khalfan akaihamisha meza yake mpaka mwisho kabisa wa soko, karibu na matangi ya maji. Asubuhi ile Maalim alipiga kidogo, tena vibaya, na lile jino lililokufa hakuliimbia. Aliliacha liwe shimo. Viazi havikufukiwa. Muuza kahawa alikoroga makaa yake mwenyewe na kuuliza leo kuna nini.

Wiki moja aliivumilia hali ile. Jumamosi ya pili, alipofika, hakuja kwenye nafasi yake. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye matangi ya maji, akakunjua kiti mbele ya meza ya Khalfan, akapiga. Si nyimbo zetu. Alipiga ngoma za kwao mlimani, alizojifunza sijui lini, akizikosea hapa na pale. Khalfan alijifanya anapanga makomamanga. Akayapanga, akayapangua. Mwisho akachukua moja, akaliweka mapajani pa Maalim, chini ya mapafu ya akodiani, na Maalim hakulitoa.

Akaja kwangu baadaye. "Bi Achari, mwambie Zuwena nimevunja mapatano."

"Mwambie mwenyewe, mtoto wako."

"Mie nnamwogopa."

Sijui kama alimwambia. Najua kuwa Zuwena alijua, kwa kuwa tangu hapo Jumamosi alikuwa akitoka alfajiri kwenda kwa jamaa zake Yiti, ili asimwone babake akibeba sanduku. Hawakugombana. Ni watu wenye malezi. Walipitishiana sahani na kuulizana hali, na jambo lenyewe likakaa baina yao mezani kama mgeni asiyeagwa. Maalim alilijua na lilimuuma. "Nataka aje mara moja tu," aliniambia, "asikilize akiwa amekaa. Akisema bado ni aibu, nitaacha." Nilimuuliza kama kweli ataacha. Akafuta miwani kwa kile kitambaa.

"Nitaacha," akasema. "Lakini kwanza akae."

Soko likafungwa kwa ajili ya joto. Miezi ile kila mtu hapa huishi ndani, baina ya kiyoyozi na kiyoyozi, na habari huja kwa simu. Ya Maalim ilikuja hivyo: kiharusi, kidogo, alhamdulillahi ulimi haukuguswa, lakini mkono wa kushoto umelala.

Mkono wa kushoto ndio unaovuta mapafu.

Soko lilipofunguliwa nafasi yake haikukaliwa na mtu. Hakuna aliyekataza, watu walishusha makreti, wakafika pale, wakapinda. Mzee Khalfan alinijia na mfuko wa makomamanga, akaniambia niupeleke. Nilitaka kulipa. Akanitazama kama niliyemtukania mama. Nikayahesabu, mara mbili, si kwa kumshuku. Mikono yangu ilikuwa haijui ifanye nini kingine.

Zuwena alinifungulia mlango kule Mabela akiwa na dera la nyumbani na kitambaa cha jikoni begani. Bila ya miwani myeusi ana macho ya babake. Alinikaribisha, akanikalisha, akaleta kahawa, kisha akakaa na yeye kwa ghafla.

"Nlimwomba Mungu babangu aache kwenda sokoni," akasema. "Bi Achari, nlimwomba. Lakini sikuomba hivi."

Nikamshika mkono, nao ulikuwa wa baridi.

Maalim alikuwa chumba cha ndani, kitini karibu na dirisha, kanzu imepigwa pasi kama ilivyo ada. Aliponiona alicheka upande mmoja wa uso.

"Bi Achari! Vuli imeingia?"

"Imeingia, Maalim. Mapera mwaka huu makubwa, na bei hazisemeki."

"Umelia?"

"Nimelia. Hawakupunguza."

Tukazungumza ya sokoni. Nikamwambia Bi Rahma na Bi Fatma sasa huja kwa gari moja, na hakuna ajuaye kilichotokea. Alipocheka, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vikicheza juu ya goti, vikitafuta meno. Zuwena aliviona. Mimi nilimwona Zuwena akiviona. Akatoka, nikasikia kiti kikiburutwa, kabati likifunguliwa, na akarudi na lile sanduku jeusi amelikumbatia.

"Nliiweka juu ili usiione," akamwambia babake.

"Nlijua ilipo," akasema Maalim. "Nilikuwa nnaisikia ikikohoa."

Tukamvisha mikanda mabegani. Mkono wa kulia ukapanda wenyewe mahali pake. Nikajitolea mimi kuvuta. Nilivuta kama ninavyovuta kreti, na akodiani ikatoa ukelele ambao majirani wa Mabela lazima waliuliza. Maalim alifumba macho kwa maumivu.

"Toka," akasema. "Wewe kauze achari."

Zuwena akakaa mahali pangu, ubavuni pa babake, upande wa kushoto. Akapitisha mkono mmoja kwenye mkanda, wa pili akaushikilia chini.

"Vuta. Taratibu. Usimalize pumzi yote, bakisha. Sasa rudisha. Rudisha, mwanangu, usisukume. Haya, tena."

"Sijui, Baba."

"Nani anajua? Vuta."

Ilikohoa, ikakohoa tena, kisha ikatoka sauti moja ndefu iliyonyooka. Vidole vya Maalim vikaanza kutembea juu yake pole pole, na walipofika kwenye jino lililokufa, wote wawili, bila ya kuambiana, walitoa mm puani. Alikuwa akisikiliza nyuma ya mlango tangu utotoni, mtoto yule. Mimi nikakumbuka kuwa nina kazi jikoni kwa watu.

Jumamosi iliyofuata walikuja. Alifika yeye mbele, Zuwena, abaya ileile ya kazini, sanduku jeusi begani, kiti cha kukunja kwapani na kiti cha pili mkono wa pili, na nyuma yake Maalim na mkongojo, akinyanyua kidevu kwa kila anayemsalimia. Soko zima likajifanya lina shughuli. Wakakaa goti kwa goti. Walipiga vibaya kuliko alivyokuwa akipiga peke yake, nisiseme uongo. Wimbo ulikuwa ukikatika pumzi katikati, na mzee akinong'ona "bakisha, bakisha", na binti akinong'ona "nnabakisha, Baba, usinipigie kelele mbele za watu". Wakulima wakaanza kuja. Kiazi. Fungu la figili. Bi Rahma na pera. Zuwena aliona rundo likianza kukua miguuni pake, uso ukambadilika rangi, lakini mikono ilikuwa imeshikwa na mapafu. Angeiachia, wimbo ungekufa. Hakuiachia.

Mzee Khalfan alikuja mwisho, na bakuli. Alikuwa ameshalipasua komamanga mwenyewe, kajua kuwa Maalim hana mkono wa kulipasulia. Akaliweka bakuli juu ya lile sanduku jeusi, akagusa kifua, akarudi.

Wimbo ulipofika mapumziko Maalim akatia mkono wa kulia bakulini, akatoa punje chache, akazielekeza mdomoni mwa binti yake.

"Baba, watu wanatazama."

"Nnawaona."

"Nikifika nyumbani ntakula."

"Hizi za hapa."

Zuwena akatupa macho pande zote, kwa Saidi na kigari chake, kwa akina mama, kwa wasichana wa mchicha, kwangu. Mimi nikajifanya nahesabu chupa. Kisha akafungua mdomo, mwanamke mzima, mkuu wa idara, akalishwa mbele ya soko. Maji mekundu yakamchuruzika kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Tamu?" akauliza Maalim.

Alikuwa bado anatafuna. Alitikisa kichwa kukubali, akainama mbele kidogo, akafungua mdomo tena.